Alama za chuo na mansio ya diploma: maswali ambayo wanafunzi wa Bukavu hurudia kila mwaka

Nimekuwa asistenti, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia katibu wa juri, lile jopo la walimu linaloamua matokeo. Kila delibe, yaani kikao cha juri, ikikaribia napokea maswali yale yale: kutoka kwa wanafunzi wa vyuo vya hapa Bukavu, Kongo, yaani UOB, UCB, UEA, ISP na ISDR, kutoka kwa wazazi wa mitaa ya Kadutu na Bagira, hata kutoka kwa watu waliomaliza zamani na sasa wanatafuta nafasi nje ya nchi. Nimeyakusanya hapa. Anayeanza asome kuanzia juu. Mwenye shida maalumu ashuke moja kwa moja kwenye sehemu yake.

## Mambo ya msingi

1. Mansio ni nini hasa, na nani anaitoa?

Mansio ni lile neno linalofuata jina la shahada kwenye diploma: Satisfaction, Distinction, na mengine. Mwalimu haitoi. Kazi ya mwalimu ni kutoa alama ya somo lake, juu ya 20. Alama zote zikishafika, juri inaziweka pamoja, inazipima kwa uzito wa kila somo, inapata jumla, ndipo inatangaza. Kwa hiyo ukisema "profesa fulani ameninyima Distinction", ujue umemlaumu mtu mmoja kwa hesabu yenye masomo kumi na zaidi.

2. Viwango ni vipi?

Katika mfumo wa zamani, ule wa graduati (miaka mitatu, G1 hadi G3) na lisansi (miaka miwili, L1 na L2), tunahesabu kwa asilimia. Kuanzia 50 ni Satisfaction, kuanzia 70 ni Distinction, kuanzia 80 ni Grande Distinction, na kuanzia 90 ni La Plus Grande Distinction. Ngazi hizo tulizirithi kutoka Ubelgiji.

Katika mfumo mpya wa LMD (Lisansi, Masta, Doktora) tunahesabu wastani juu ya 20. Kuanzia 10 ni Passable, 12 Assez Bien, 14 Bien, 16 Très Bien, 18 Excellent.

Ukizipanga hizo mbili sambamba utaona kitu muhimu. 14 juu ya 20 ni asilimia 70, kwa hiyo Bien ya leo imesimama palepale iliposimama Distinction ya jana. Tofauti kubwa iko chini: zamani mwenye 51 na mwenye 69 walitoka na neno moja, Satisfaction. LMD imeweka ngazi kwenye 12, yaani asilimia 60, na kwa maoni yangu hiyo ni haki iliyochelewa. Kuna vijana waliolala kwenye vitabu miaka mitano wakatoka na 68, na diploma yao haisomeki tofauti na ya aliyevuka kwa kusukumwa.

3. Nitajuaje niko katika mfumo gani?

Tazama mwaka ulioingia. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 ndiyo iliyotaja LMD, lakini vyuo kwa jumla vilianza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza mnamo 2021-2022. Wale waliokuwa tayari kwenye graduati waliendelea na mfumo wao hadi mwisho.

Angalia sana herufi. "L1" ya zamani ni mwaka wa nne, baada ya G3. "L1" ya LMD ni mwaka wa kwanza kabisa. Nimeona CV iliyoandikwa "L2" bila maelezo, mwajiri akadhani kijana yuko mwaka wa pili, kumbe alikuwa amemaliza miaka mitano. Andika mfumo kando ya mwaka, kila mara.

4. Nimepata 16, 11 na 13. Kwa nini wastani wangu si 13,3?

Kwa sababu masomo hayana uzito sawa. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo linaloweza kukusaidia kuliko yote. Kila somo lina ponderasio, namba inayotokana na saa zake au krediti zake. Alama yako inazidishwa kwa namba hiyo kwanza, halafu jumla inagawanywa kwa jumla ya uzito.

Chukua kalamu. Tuseme 16 umeipata kwenye somo lenye uzito 2, 11 kwenye somo lenye uzito 5, na 13 kwenye lenye uzito 3. Mara 2 ni 32, mara 5 ni 55, mara 3 ni 39. Jumla 126. Gawanya kwa 10: wastani wako ni 12,6, sawa na asilimia 63. Satisfaction.

Sasa geuza masomo mawili tu: 16 iwe kwenye somo la uzito 5, na 11 kwenye lile la uzito 2. Unapata 80, 22 na 39, jumla 141. Wastani ni 14,1, asilimia 70,5. Hiyo ni Distinction. Alama ni zilezile tatu, mwanafunzi ni yuleyule, lakini mansio imebadilika.

Ndiyo sababu kila Oktoba naomba wanafunzi wa promosio yangu, yaani wa darasa la mwaka mmoja, waandike uzito wa kila somo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Wengi hujua jina la mwalimu, rangi ya gari lake na bei ya silabasi (maandishi ya somo), lakini uzito wa somo wanausikia baada ya delibe.

5. Interro na TP zinahesabiwa, au ni mtihani peke yake?

Zinahesabiwa. Mara nyingi interro (majaribio ya katikati ya mwaka) na TP (kazi za vitendo) hutoa 10, mtihani hutoa 10, na zikiunganishwa zinafanya 20 ya somo. Aliyeingia kwenye mtihani akiwa na 3 juu ya 10 anahitaji 7 ili afike 10, na mtihani wa kutoa 7 juu ya 10 si mchezo. Karatasi za interro zikirudishwa, zitunze. Swali la 13 litakuonyesha sababu.

6. TFC inaweza kuinua mansio yangu?

TFC, kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo, inaweza, tena sana, kwa kuwa uzito wake kawaida ni mkubwa kuliko wa somo la kawaida. Mfano: masomo yako ya mwaka wa mwisho yana uzito wa jumla 40, na wastani wako ni 13,4. Hiyo ni 67 kwa mia. Ongeza staji (mafunzo kazini) yenye uzito 4 uliyopata 16, na TFC yenye uzito 8 uliyopata 17. Jumla inakuwa 736 juu ya uzito 52, yaani 14,15. Umevuka 70.

Lakini TFC hiyohiyo ukiiandika haraka wiki mbili kabla ya kuiweka, ukapata 12, unabaki kwenye 66,9. Kazi ya kukopi kwenye duka la fotokopi karibu na kampusi inagharimu mansio, mbali na hatari ya kufukuzwa. Mfuate direkta wako, mwalimu anayeongoza kazi hiyo, mapema. Wengine wana wanafunzi ishirini wa kuongoza, na anayeanza kubisha mlango Juni anakuta foleni.

## Krediti, UE na deni (kwa walio LMD)

7. Krediti 60 kwa mwaka maana yake nini?

Kila muhula una krediti 30, mwaka 60. Lisansi ya LMD ni mihula sita, krediti 180. Masta ni mihula minne, krediti 120. Krediti ni kipimo cha kazi yote, saa za darasani pamoja na zile unazosoma peke yako, na ndiyo inayotumika kama uzito ulioelezwa kwenye swali la 4.

8. Nina 7 kwenye somo moja lakini wameandika nimefaulu. Ni kosa?

Huenda si kosa. Kwenye LMD masomo yanafungwa pamoja katika kifurushi kinachoitwa UE. Kinachopimwa ni wastani wa UE nzima, na ukifika 10 umeipata na krediti zake zote.

UE ina krediti 6: somo moja la krediti 4, jingine la krediti 2. Ukipata 12 kwenye lile kubwa na 7 kwenye lile dogo, unapata 48 na 14, jumla 62, gawanya kwa 6: 10,33. Umepita. Ukipata 7 kwenye kubwa na 12 kwenye dogo, ni 52 gawanya kwa 6: 8,67. Umeanguka. Soma kanuni za kitivo chako pia, kwa kuwa vingine vinaweka alama ya chini ambayo haiwezi kufidiwa.

Uzuri wa UE iliyopatikana ni kwamba haipotei. Hata ukirudilia mwaka, huirudii hiyo. Katika mfumo wa zamani mtu aliyedubule aliweza kujikuta anafanya tena masomo ambayo aliyaweza, na hilo liliwavunja moyo wengi niliowafahamu.

9. Naweza kupanda mwaka nikiwa na deni?

Ndiyo, ukiwa na krediti angalau 45 kati ya 60. Mwenye 48 anapanda na deni la krediti 12, analilipa huku anasoma mwaka unaofuata. Wanafunzi wengi hulipuuza deni kwa kuwa jina lao tayari liko kwenye orodha ya L2. Usifanye hivyo. Ratiba ya L1 na ya L2 hugongana, mtihani wa deni unaangukia saa ileile ya mtihani mwingine, na bila krediti zote 180 hakuna diploma hata kama umetetea kazi yako vizuri. Mwanzoni mwa mwaka nenda sekretariati, uliza kwa maandishi deni lako litafanywa lini na kwa nani.

## Delibe na matokeo

10. Mimi ni mzazi. Mtoto ameniambia ana "AJ" na "sesio ya pili". Amefukuzwa?

Hapana, mama, hajafukuzwa. AJ ni ajourné: juri imemwahirisha, ana masomo ambayo hakuyafikia, na anapewa nafasi ya kuyafanya tena katika sesio ya pili ya mwaka huohuo. Kinachopaswa kukuhangaisha ni NAF, maana yake hakubaliwi tena kuendelea katika fani hiyo.

Muulize vitu viwili: ni masomo mangapi, na yana uzito gani. Mtoto mwenye somo moja la uzito 2 hana shida sawa na mwenye masomo manne ya uzito mkubwa. Halafu mwombe releve yenyewe, ile karatasi ya alama zote, uione kwa macho yako. Wazazi wanaouza sokoni Kadutu ili kulipa minervali (ada ya masomo) wana haki ya kuiona karatasi, wasitosheke na kuambiwa kwa mdomo.

11. Nimepata 69,8. Hawawezi kunipa 70?

Juri inaweza, lakini hailazimiki kukupa. Juri ina mamlaka ya kukaa, kutazama mwanafunzi mmoja mmoja na kuamua, na kinachoamuliwa kinaandikwa kwenye ripoti ya delibe. Huko ndiko mtu aliye mpakani huweza kuopolewa. Katika mfumo wa zamani juri ilitofautisha pia anguko jepesi, 8 au 9, na anguko zito, 7 kushuka; mwenye mepesi machache na asilimia nzuri alikuwa na matumaini ambayo mwenye mazito hakuwa nayo.

Nikiwa katibu niliona kinachozungumzwa kuhusu mtu wa 69: je, alihudhuria? Alifanya TP zote? Kuna mwalimu anayemkumbuka? Hakuna aliyeuliza baba yake ni nani, angalau katika vyumba nilivyokaa. Lakini usijenge mpango wako juu ya kuopolewa. Pointi mbili kwenye interro ya somo zito zinatosha kukuvusha bila kumwomba mtu.

12. Nimefaulu, wenzangu wanajua, lakini jina langu halipo kwenye valvu (ubao wa matangazo).

Mara nyingi ni pesa. Asiye katika utaratibu wa minervali huwekwa kando, matokeo yake yamefungwa hadi alipe. Beba bodero (risiti za benki) zote, nenda kwa aparitori, ofisi inayoandikisha wanafunzi, hakikisha malipo yako yameingizwa kwa jina na matrikula (namba ya mwanafunzi) sahihi. Herufi moja ya jina ikikosewa kwenye benki inatosha kukufanya mdeni. Kama pesa ziko sawa, soma swali linalofuata.

## Makosa na maovu

13. Alama iliyoandikwa si yangu. Nifanye nini?

Andika barua ya malalamiko kwa rais wa juri, nakala kwa dekani au mkuu wa seksio, na uiweke ndani ya muda uliotangazwa. Muda huo ni siku chache tu, na ukipita mlango umefungwa. Taja somo, alama iliyoandikwa, alama unayoamini, na ubandike ushahidi. Bakisha nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Ushahidi ndio kila kitu, nami nalijua hilo kwa mwili wangu. Nilipokuwa mwanafunzi, katika chuo nisichotaka kukitaja, nilikuta 8 juu ya 20 ya somo moja kwenye orodha ya matokeo. Nilikuwa na interro zangu mbili kwenye bahasha ya kaki, 9 na 8 juu ya 10, na mtihani niliutoka nikiwa na amani. Nilipanda ngazi za sekretariati mara tatu. Mara ya tatu mama mmoja aliyekuwa akichapa orodha alinionea huruma, akafungua karatasi ya mwalimu na kuweka rula juu yake. Tukasoma jina kwa jina. Mwanafunzi mmoja aliyeacha masomo alikuwa amefutwa kwenye orodha ya majina, lakini alama yake haikufutwa kwenye safu ya pili. Kuanzia mstari ule kushuka chini, kila mmoja alikuwa amevaa alama ya jirani yake. Watu kumi na wanne. Yangu ilikuwa 17. Wenzangu wengine walikuwa tayari wameanza kujiandaa kwa sesio ya pili ambayo haikuwahusu.

Kwa hiyo CP (kiongozi wa wanafunzi) wa kila promosio, nakuomba: orodha ikibandikwa, ipige picha siku hiyohiyo, kabla ya mvua na kabla ya watu kuichana, halafu mlinganishe pamoja na alama mnazozijua. Kosa la aina hiyo halionekani na mtu mmoja.

14. Naombwa pesa, au zaidi ya pesa, ili nipate alama.

Usilipe na usiende. Binti zangu, wadogo zangu, nasema hili bila kuzunguka: kile ambacho watu wanakiita kwa mzaha "pointi za ngono" ni unyanyasaji wa kingono, na sheria ya Kongo ya Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono inaadhibu jambo hilo. Hifadhi ujumbe wa simu, usifute hata ule unaokutia aibu. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini siku ileile. Peleka barua kwa dekani au kwa katibu mkuu wa taaluma, na usiende peke yako. Mwanasheria anayefuatilia kesi za wanawake anaweza kukusindikiza, na Bukavu hawakosekani.

Aliyelipa pesa hana usalama pia. Alama iliyonunuliwa inaweza kufutwa, na aliyekuuzia ndiye anayekujua.

## Baada ya kumaliza

15. Mansio ya diploma inatazama miaka yote?

Kwenye mfumo wa zamani kila mwaka ulisimama peke yake, ukiwa na asilimia yake na mansio yake, na iliyokwenda kwenye diploma ilikuwa ya mwaka wa mwisho wa saikeli, yaani wa graduati au wa lisansi. G1 mbaya haikuzuia G3 nzuri. Lakini releve za miaka yote zinabaki, na anayekuajiri akiziomba ataziona.

Kwenye LMD krediti zinakusanywa kutoka muhula wa kwanza hadi wa sita. Muulize katibu wa juri yako ni mihula ipi inayoingia kwenye hesabu ya mansio, na muulize ukiwa bado L1, wakati jibu lina faida.

16. Nilimaliza, diploma haijatoka. Nitumie nini?

Omba atestasio (barua rasmi) ya kufaulu pamoja na releve za kila mwaka, zenye saini na mhuri. Waajiri wengi wa hapa wanazikubali. Ukienda nje, wataulizia pia homologasio, yaani kuthibitishwa rasmi, ya diploma kwenye wizara, kwa hiyo anza mapema. Fanya nakala zilizothibitishwa, na moja iache nyumbani kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Katika Kivu yetu watu wamepoteza karatasi za maisha yao kwa usiku mmoja.

17. Nataka kusoma Kampala, Nairobi au Ulaya. "Satisfaction" yangu inasomekaje?

Vibaya, kama hukuieleza. Nchini Kenya asilimia 70 ndiyo daraja la kwanza, 60 daraja la pili la juu. Makerere inatumia wastani juu ya 5, na daraja la kwanza linaanzia 4,40. Msomaji wa huko akiona 66 na neno Satisfaction anaweza kudhani ulipita kwa shida, wakati katika promosio yako pengine ulikuwa wa tatu kati ya mia moja na ishirini.

Usibadilishe alama mwenyewe. Kugeuza 66 kuwa GPA (wastani wa alama wa kigeni) kwa mkono wako kunaweza kuhesabiwa kama udanganyifu. Omba kitivo kikupe barua yenye ngazi za mansio na nafasi yako katika promosio. Kwa Marekani na Kanada, vyuo vingi hupitisha karatasi kwenye shirika la tathmini kama WES, ambalo linasoma somo kwa somo. Huko tena uzito wa masomo ndio unaozungumza, kwa hiyo hakikisha releve yako inauonyesha. Kama safu ya uzito haipo, rudi uombe nyingine.

18. Nina graduati ya zamani, nataka kuendelea kwenye LMD. Alama zangu zinahamaje?

Asilimia yako haigeuzwi kuwa Bien au Assez Bien kwenye diploma mpya. Kinachohamishwa ni masomo: kitivo kinalinganisha yale uliyofanya na UE za programu mpya, kinakubali yanayolingana, kinakupa ya kukamilisha. Mwenye Satisfaction na silabasi zake zote kwenye sanduku hupita haraka kuliko mwenye Distinction asiye na karatasi hata moja ya kuonyesha alisoma nini. Kama silabasi zako bado ziko kwa rafiki uliyemwazima mwaka wa G2, mfuate wiki hii.